Sandwichi za Moto za Jumapili Ile Gikondo

Kaka yangu wa Ulaya,

Barua yako imenifikia hapa Mwanza. Kurasa mbili za hali ya hewa, kisha mstari mmoja wa haja: nikukumbushe jinsi zilivyotengenezwa zile sandwichi ndogo za moto, za steki na jibini, kwa sababu wageni wako huko wanapenda ukiwaandalia "mapishi ya mama yangu". Mstari huo nimeusoma mara tatu.

Huzikumbuki kwa kuwa hukuzitengeneza. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, nyumbani kwetu Gikondo, kule Kigali. Ulimwalika mkuu wako wa ofisi na mkewe kwa chakula cha mchana, maana nafasi ya masomo Ulaya ilikuwa mikononi mwa mkuu huyo. Mishikaki uliiona ya kishamba. Uliona picha ya sandwichi hizo katika gazeti la Kifaransa, ukaleta jibini la Gishwati, lile la milimani kwetu, ukajifunga kitenge cha Mama kiunoni ukajiita mtaalamu.

Mama alikubali kukaanga nyama tu. Aliikata steki nyembamba, akikingamisha kisu na nyuzi za nyama, na chumvi akaitia mwisho. Jibini hakuligusa. Kwake nyama na maziwa havikutani siku moja, kwa heshima ya ng'ombe.

"Unataka ng'ombe wakaukiwe maziwa?" alikuuliza.

"Ng'ombe gani, Mama? Hapa Gikondo iko magereji tu."

"Basi yatakauka hayo magereji."

Ukapanga kila kitu kwenye sinia saa nzima kabla ya wageni, kama mtu anayepanga viatu dukani. Walipobisha hodi, jibini lilikuwa gumu kama sabuni na mafuta yameganda juu ya nyama. Ulikuja jikoni, mtu mzima mwenye tai, ukanong'ona: "Mama, nimekwisha."

Alikutazama. Kisha akanawa mikono, akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu nizaliwe. Alifungua mikate ile midogo mmoja mmoja, akalibandua jibini kwa vidole vyake mwenyewe. Nyama akairudisha kikaangoni pamoja na vitunguu mpaka ikachachatika, akaipanga upya, jibini juu yake nyama ingali ya moto, kisha mkate. Akaiweka yote katika sufuria kavu juu ya makaa machache, akafunika, akapalia makaa mengine juu ya mfuniko. Hakuondoka hapo. Aliinamia sufuria ile hadi harufu ya jibini ilipotoka, naye akageuza uso pembeni.

Mke wa mkuu alikula nne. "Nani amepika?" akauliza kwa Kifaransa. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, anapangusa mikono.

Ulijibu bila hata kugeuka: "Mpishi wetu, madamu."

Mama hakusoma Kifaransa, lakini neno hilo la mpishi kila mtu Kigali alilijua. Alirudi ndani, akakaa kwenye kigoda chake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia, nikanyamaza. Hilo ni langu, sikutwishi wewe.

Nafasi uliipata. Mama hakukusema vibaya hata siku moja. Mwezi mzima tu hakunywa maziwa, akisema hastahili. Miaka miwili baadaye sisi tuliondoka kwa miguu, na amezikwa upande huu wa mpaka, kwenye kaburi ambalo hujawahi kuuliza liko wapi. Umeuliza sandwichi.

Basi, mapishi umekwisha kuyasoma hapo juu. Sikuficha kitu, na oveni yako itatosha badala ya makaa. Naomba jambo moja. Wageni wakisifu na kuuliza ni mapishi ya nani, usibadilishe maneno leo. Waambie ni ya yule mpishi wenu wa Gikondo.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa mpishi