Majani ya Mama na Ncha ya Fimbo

Keshero, Goma
Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote na kwa furaha kubwa, maana nasikia daktari wa macho amekuondolea bandeji na sasa unasoma hata maandishi madogo ya kwenye kopo la maziwa. Mungu asifiwe. Mgongo je, bado unakusumbua asubuhi? Na Baba mdogo Twagirimana pamoja na nyumba yake, hawajambo? Kama Bukavu kuna baridi, usione haya kuvaa ile sweta aliyokufumia Deborah, hata kama ina maua. Sisi hapa hatujambo. Tunakula, tunacheka, na kuku wa jirani bado anataga kwenye jiko letu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Papa, wewe kwenye simu husalimii. Unauliza tu majani ya mama yenu pale uani yako namna gani, nami nikifungua mdomo unasema vizuri, vizuri, halafu unakata ili yuniti zisiishe. Barua haikatwi. Nimempa Janvier anayepanda boti kesho, na nakuomba uisome mwenyewe ukiwa umekaa.

Kwanza habari ya mdogo wangu Deborah. Watu wa Rodrigue, mchumba wake, wamekubali tarehe 20 ya mwezi ujao kuja kumwomba rasmi. Baba mdogo alitufikishia agizo lako kwamba wageni wapokelewe mbele ya majani ya Mama, viti vipangwe kuyazunguka, na mguu wa mtu usiyaguse. Deborah aliposikia alicheka, halafu akanitazama, nami nikatazama pembeni. Maana mimi na yeye tulijua hali ya majani hayo, na wewe hukujua.

Papa, mwezi wa tisa majani yale yalikuwa yanakufa. Uliponiuliza, nilikujibu mara tatu kwamba ni jua tu. Haikuwa jua. Katikati palikuwa na upara, na ukingoni yamegeuka manjano. Mvua zikaanza, nikashangilia, lakini maji yalisimama juu kama kwenye sahani, hayakushuka. Niligonga kwa kisigino, udongo ukanijibu kama sakafu ya kanisa. Sababu nitakuambia mbele, nipe nafasi nikusanye ujasiri.

Wewe unajua kuliko mimi yale majani ni nini. Tulipokimbia Masisi, watu walibeba magodoro na sufuria, Mama akabeba mizizi ya majani ya kilima chetu ndani ya kitenge kilicholowa, Deborah yuko mgongoni. Hapa hapakuwa na udongo, ni mawe ya volkano tu, naye akanunua udongo wa Sake, ukaletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, moja moja, mpaka ukajaa urefu wa kiganja. Tangu alipotutoka, miaka sita sasa, wewe kila asubuhi ukiwa nyumbani unaanza kwa kuyasalimia hayo kabla ya kutusalimia sisi. Nilipoona yanakauka mikononi mwangu, nililia kweli. Nilijiambia Mama atakufa mara ya pili, na mara hii mimi ndiye nitakuwa nimemuua.

Basi tukaanza kutafuta dawa. Sisi watoto wa wachungaji tunajua dawa moja tu ya majani, mbolea ya ng'ombe. Nikaleta magunia matatu kutoka Mugunga, nikamwaga yote kwa siku moja, kwa roho safi. Jioni mvua ikanyesha. Kwa kuwa udongo ulikataa kunywa, mbolea yote ilipita chini ya geti ikaenda kulala mlangoni kwa jirani, Mama Nyiransabimana. Alikuja na ufagio, amevaa nguo ya ibada, akaniuliza kama ng'ombe wa Ntirenganya, yaani wako wewe, wamehamia kwake bila kubisha hodi. Nilifagia huku naomba msamaha, na mpaka leo akipita anaziba pua makusudi.

Rodrigue naye akataka kujionyesha kwa wakwe. Akaja na baramini ya kuvunjia mawe, akasema ardhi ngumu inapigwa tu. Akapiga mara moja, ikashuka kiganja kimoja, ikakutana na mwamba, cheche zikaruka, naye akarudi nyuma anapuliza mikono. Deborah alimwambia asiue majani kabla hajapewa mke. Lakini pale alipotoboa, Papa, kesho yake niliona maji yamepotea. Shimo moja tu, na maji yameshuka. Ndipo nikaelewa kwamba majani hayana njaa, yanakosa pumzi.

Sasa usikasirike. Nilikwenda kwa Barthélemy. Ndiyo, Barthélemy yuleyule, fundi wa chuma, unayemwita fundi wa mikebe, ambaye hata msibani kwa Mama ulimpa mkono bila kumtazama. Nilimweleza kwamba nataka kitu cha kutoboa udongo wa majani. Alicheka mpaka akakaa juu ya nyundo yake, akainuka haraka zaidi ya alivyokaa. Alisema alikuwa anangoja miaka sita mtu wa nyumba ile aje kumwuliza jambo hilo.

Alikata vipande vitatu vya bomba la chuma, vifupi kuliko kiganja, akavinoa midomo, akaviunganisha kwenye chuma kimoja kipana, na juu akatia mpini wa mti wa chukudu. Unakanyaga kwa mguu, unavuta, na kila bomba linatoka na kipande cha udongo kama kidole. Alituonya tusifanye ardhi ikiwa kavu wala ikiwa tope. Tulingoja mvua, tukaacha siku mbili zipite, tukaanza. Mimi mbele, Deborah nyuma yangu, Rodrigue anaimba wimbo wa kwaya na kukosea maneno. Siku mbili nzima. Vile vidole vya udongo tuliviacha juu vikauke, tukavivunja kwa reki, kisha tukapitisha mchanga mweusi uliochekechwa pamoja na mbolea kidogo, mara hii kidogo kweli, ukaingia kwenye mashimo.

Papa, siku ya kumi na mbili niliamka nikaona kijani. Kilikuwa kinatoka mashimoni kwa mistari, kama mtu amekipanda kwa kamba. Nilipiga kelele za furaha, Deborah akatoka na mswaki mdomoni, tukashikana tukaruka. Leo ni majuma matano. Upara umefunikwa, na mvua ya jana ilizama yote, hakuna hata tone lililokwenda kwa Mama Nyiransabimana.

Sasa ujasiri umefika. Udongo ule haukujishindilia wenyewe. Mwezi wa kwanza, wewe ukiwa umeshakwenda Bukavu, kambi za wakimbizi za upande wa Mugunga zilipotawanyika, watu walipita mbele ya geti letu na watoto na mizigo. Nilifungua. Familia sita zililala juu ya majani ya Mama siku kumi na moja, mvua ikiwanyeshea. Niliwakanyagisha mahali ambapo wewe hukuniruhusu hata kutembeza kuku. Na walipoondoka, geti lilikuwa limezoea kufunguka, watoto wa mtaa wakaendelea kuja kucheza mpira, nami sikuwafukuza. Naomba msamaha kwa kukudanganya. Kwa kufungua, Papa, siwezi kuomba msamaha.

Na lipo jingine, ambalo si langu. Barthélemy aliniambia siku ile. Kila ulipokwenda Masisi kuangalia ng'ombe, ulichukua fimbo yako ya kazi, na ile nzuri yenye ncha ya chuma ilibaki nyuma ya mlango. Na Mama alifungua geti. Watoto wa mtaa mzima walicheza juu ya majani yake, wanawake walikaa wanachambua maharagi. Siku mbili kabla hujarudi, alichukua fimbo yako nzuri akatoboa udongo wote, hatua kwa hatua, mpaka majani yakasimama tena. Wewe ukarudi ukayakuta mazuri, ukasema ni kwa sababu hakuna aliyeyakanyaga. Ukakuta na ncha ya fimbo imepinda, ukaenda kumtukana Barthélemy kwamba anauza chuma cha mikebe. Alikutilia ncha mpya mara nne bila kukudai kitu, akanyamaza, kwa kuwa Mama alikuwa amemwomba. Alimwambia hivi, nakuandikia jinsi alivyosema: "Bwana yangu anachunga ile majani sawa ngombe. Lakini ngombe ukiiangalia tu bila kuikamua, inagonjwa."

Basi wageni wakija, nakuomba jambo moja. Usipange viti kuzunguka. Vua viatu, uwe wa kwanza kukanyaga, halafu umwite Barthélemy akae karibu nawe. Sisi wengine tutafuata.

Tusalimie Baba mdogo, mke wake na watoto wote. Deborah anakusalimu, Rodrigue anakusalimu kwa kuogopa kidogo. Mama Nyiransabimana naye anasema urudi haraka, binti zako wanamzidi nguvu. Mungu akulinde ndani ya boti na akufikishe kwetu mzima.

Na kama unaona Barthélemy amenidanganya, inuka uchukue ile fimbo nzuri, najua umeiegemeza nyuma ya mlango wa Baba mdogo. Itazame ncha kwa macho yako mapya. Ni ileile ya nne. Tangu Mama atutoke, Papa, haijapinda tena.

Ni mimi binti yako mwenye kukupenda,

Apolline Umurerwa