Digrii Sitini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Kreni imegoma tena. Sensa ya pembe – kile kidude kinachoiambia kompyuta mkono wa kreni umeinuka kiasi gani – imeingia maji. Kompyuta isipojua pembe, inafunga kila kitu na kupiga king'ora. Msimamizi akawa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Limebaki kontena moja tu, akasema, fanya ujanja. Nikafanya. Nimechomoa sensa, nikachomeka kwenye soketi rizista ndogo, kile kipande cha kupunguza umeme. Sasa kompyuta inaamini mkono uko digrii sitini na mbili, milele. Kontena limeshuka salama, maana kweli ulikuwa sitini na mbili. Shule sikumaliza, lakini leo nimeidanganya kompyuta ya waliomaliza.

Jumanne, 5 Machi
Nilitaka kuitoa rizista asubuhi. Msimamizi kasema iache mpaka sensa mpya ifike. Lini? Iko njiani. Hapa kazini kila kitu kiko njiani.
Nikamuuliza kama opereta anajua. Kasema kazi ya opereta ni kunyanyua, si kuuliza. Opereta mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji anaisifu mashine. Eti tangu niiguse imekuwa na adabu, hailii ovyo. "Shem, umeipa dawa gani?" Nikamwambia dua tu. Akacheka sana. Mimi kidogo.
Yeye huangalia asilimia ya mzigo kwenye skrini, basi: ikiwa kijani, twende. Pembe iko ukurasa wa pili wa skrini, na ukurasa wa pili hafungui mtu. Mkono ukilala, mzigo unakwenda mbali na kreni inapungua nguvu. Kompyuta bado itaona sitini na mbili. Kijani.

Ijumaa, 8 Machi
Jumatatu wananyanyua jenereta, wanaipitisha juu ya ukuta hadi nyuma ya jengo. Nimepima kwa hatua zangu. Mkono utalala mpaka thelathini na tano hivi. Kuna jedwali limebandikwa mlangoni mwa kreni, limefifia, shemeji anasema la nini wakati skrini ipo. Nimelisoma kwa tochi. Kwa pembe hiyo kreni inaweza tani tatu na nusu. Jenereta ni tani tano.
Nimerudia hesabu. Nilitumaini mimi ndiye mjinga.

Jumapili, 10 Machi
Chakula kwa dada. Shemeji akamwonyesha binti yake kwa kijiko jinsi mkono wa kreni utakavyolala kesho. Kijiko kikaegemea, gilasi ikaanguka, wote wakacheka.
Nilifungua mdomo mara tatu. Ya kwanza nikaomba chumvi. Ya pili nikaomba maji. Ya tatu dada akauliza, "We kaka, unaumwa?"
Nikisema, kazi sina. Msimamizi atanikana mchana kweupe, na mkono uliochomeka ni wangu. Nisiposema –

Jumatatu, 11 Machi
Saa nne. Jenereta imefungwa minyororo, bado iko chini. Nimechomoa rizista kabla shemeji hajawasha. Iko mfukoni. Akawasha – king'ora, kila kitu kimejifunga.
Msimamizi akaja mbio, akanivuta kando. Ila sauti yake haijui kando ni wapi. "Rudisha. Sasa hivi."
Shemeji akazima mashine, akashuka taratibu ngazi kwa ngazi. "Arudishe nini?"
Msimamizi akasema waya tu, waya umelegea. Alikuwa anaviambia viatu vyake.
"Bosi, sijakuuliza wewe. Shem, urudishe nini?"
Nikasema ngojeni, niandike vipimo kwanza. Ndiyo haya naandika, nimekalia boksi la spana, na sijapima chochote tangu nikae. Msimamizi anaangalia saa. Wafungaji wa minyororo wameegemea ukuta, ule ule ambao jenereta ingepita juu yake. Shemeji amekuja kukaa kando yangu. Ananukia grisi na sabuni ya dada. Ameacha kuuliza. Nimempa rizista. Ameigeuza kiganjani, hajui ni kitu gani – kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Ameiweka mfukoni mwake.
Sasa amenyoosha mkono tena. Nadhani anataka daftari hili.