Suruali ya Kupandia Magamba

Ndugu Sabra, kwa niaba ya makalio yangu natangaza kwa majonzi kwamba kesho sipandi Mlima Magamba.

Shangazi Hawa, anayetupeleka, kasema kwa baridi hii asiye na suruali nzito anabaki nyumbani. Na suruali nzito inayonitosha haipo Lushoto nzima. Zinazopita makalioni, kiunoni tunaenea mimi na wewe.

Dula wa mitumba kanipa ya kodrai, nzuri mno. "Zungusha kiuno chake shingoni, dada. Kikikutana, imekutosha."

Kikakutana. Shingoni, Sabra. Shingo yangu inajua nini kuhusu makalio yangu?

Nikajibanza nyuma ya kanga nikaivaa ndani ya sketi. Ikafika mapajani ikagoma. Nikavuta. Mshono wa nyuma ukaachia wote.

Dula alikuwa anabishana na mteja. Nikaikunja kwa heshima zote, nikaizika chini kabisa ya fungu.

Nageuka, Shangazi huyu hapa. Shikamoo. Marahaba. Naye anatafuta suruali, maana umbo hili nimelirithi kwake. Akachimbua fungu, Sabra, akatoa ileile. Akaingiza mkono ndani.

"Dula, nguo zako zote baridi kama umande. Hii mbona ina joto la mtu?"

Dula akaniangalia. Shangazi akaniangalia.

"Ni mimi, Shangazi. Usiinunue, nimeipasua nyuma nikaificha. Nilikuwa nataka tu kesho usiniache."