Ubao wa Jioni

Ujiji, Jumanne usiku

Vidole bado vina chaki na sijapata usingizi.

Leo niliwafundisha wanafunzi wangu wa jioni, wote watu wazima, neno la Kiingereza "disgusting". Nikawaambia si kitu usichokipenda tu, ni kile kinachokutia kinyaa mpaka unataka kutapika. Nikaomba mifano. Mmoja akataja samaki waliooza, mwingine choo cha sokoni; nikaviandika ubaoni. Mama Hawa, muuza dagaa wa Bangwe, akasimama na kutunga sentensi safi kabisa: wakimbizi na kipindupindu chao ni "disgusting".

Darasa zima likanigeukia. Wote wanajua nilivuka ziwa kutoka Burundi mwaka jana. Nadhani yeye alikuwa amesahau.

Nilikasirika. Nikaiandika ubaoni kama alivyoisema, nikajibu, "Sentensi haina kosa." Kiburi tu. Wakizidi kuniogopa hapa, nitakwenda wapi tena?

Mama Hawa akaja mbele. Kwenye meza kulikuwa na kahawa yangu, nimeshainywa nusu. Akakichukua kikombe, akanywa palepale midomo yangu ilipogusa, mpaka machicha.

"Ulimi hauna mfupa, mwalimu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe. Futa."

Mungu ambariki mama yule. Tangu nifike hapa, hakuna aliyewahi kugusa kikombe changu.

Nilifuta ubao mzima, hata samaki waliooza.