Amefika Salama

Saide, mdogo wangu wa kazini,

Ulishinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza kabla hata ya salamu. Ile sistema yetu ya kampuni, programu ya kompyuta iliyokuwa nyumba ya vyumba tele na mlango mmoja, tumeivunja. Miaka yote ulinipigia kelele: "Kaka Amade, tenga! Mishahara ikikwama, kwa nini na geti lisimame?" Nami nikajibu kizee kwamba kinachotembea hakiguswi. Sasa mishahara inajitegemea, bohari inajitegemea, geti vilevile; kimoja kikianguka hakimvuti mwenzake. Tumevipa majina ya samaki, kama ulivyotaka. Mishahara tumeiita dagaa. Wafanyakazi wakijua, watatupiga.

Cha kwanza kuhamishwa kilikuwa kile ulichokibuni wewe. Tangu njia ziharibike kwa waasi wanaovizia watu, mama zetu hapa Palma hawatii tonge mdomoni mpaka wasikie aliyetoka amefika. Ukaifundisha sistema: mtu akipita getini asubuhi, simu ya nyumbani kwake inalia. "Amefika salama."

Siku waliyokuua njiani ukirudi, mtandao ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Ujumbe wako wa asubuhi haukutoka. Ulikaa humo ndani, nasi tukauhamisha pamoja na nyingine, hatukutazama. Na kile kizuizi cha kuzuia ujumbe wa siku zilizopita, Saide, ulikiweka ndani ya mishahara! Nani huficha ufagio kwenye chungu cha wali? Tulipotenganisha, kizuizi kikabaki na dagaa. Tukawasha, na ujumbe wako wa siku ile ukatoka.

Mama yako alikuja kwa miguu kutoka Quitunda. Mlinzi akaniita. Nilimkuta getini na bakuli la wali limefungwa kwenye leso, simu mkononi, anachungulia nyuma ya mgongo wangu.

Mimi, ambaye mkutanoni ulikuwa unanivuta shati ninyamaze, nilipata maneno matatu tu: "Mama, ni mashine."

Akaniuliza, "Mashine imemwona?"

Haikumwona, mama.

"Basi niambie wewe."

Nikamwambia. Saide amekufa, mama, tulimzika. Nilikuzika mara ya pili, ndugu yangu, pale getini, malori yakipiga honi yapite. Hakulia. Alinipa lile bakuli, akasema chakula alichobeba kwa ajili ya mwanawe hakirudi nyumbani. Nikala nimesimama, yeye ananitazama mpaka punje ya mwisho. Kisha akachukua bakuli lake, akaondoka.

Kizuizi nimekihamishia kwenye ujumbe, mahali ambapo hata wewe ungekiweka kama usingekuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Jina lako nimelitoa kwa mkono wangu. Ilinichukua asubuhi nzima, kazi ya kubonyeza mara moja. Namba ya mama yako sikuitoa. Nimeiweka kwenye jina langu. Mama yangu alishatangulia, nafasi ilikuwa wazi, na mke wangu anasema yeye habari za kufika kwangu anazisikia kwa kikohozi changu mlangoni.

Leo nimepita getini. Hata sijakaa, simu ikaita. Mama yako. Hakusalimu. Alisikiliza nikihema, halafu akasema, "Haya. Sasa nakula." Akakata.

Pumzika, Saide, Mungu akulaze pema. Kila nitakapopita lile geti, atakula. Na siku nisipofika, nakuahidi, hataambiwa nimefika.

Kaka yako,
Amade