Picha Moja Kila Jioni

Dada Tumpe,

Mwanao ana simu. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kabla hujauliza hata kama wanakula. Ahadi ilikuwa yako. Ulimwambia Bupe akimaliza la saba ataipata, ukaondoka yeye akiwa la sita, na baba yake hakutaka ahadi yako ipotee. Aliileta mwenyewe kutoka Tunduma, siku aliyopewa ruhusa na tajiri wa lori, akaiweka mezani kwangu ikiwa ndani ya boksi lake. "Shemeji, kununua nimenunua mimi," alisema. "Kulea ni kwako." Akanywa chai, akaondoka.

Mimi sikuitaka. Darasani nafundisha watoto hamsini na wananisikiliza, lakini hawa wako wawili, hapa Ndandalo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, nawazungukia kama mgeni. Asubuhi najifunga khanga yako ya kijani, ile yenye tundu pembeni ambalo hukutaka lishonwe, halafu nakwenda jikoni nikijifanya najua ninachokifanya.

Basi nikafanya kile unachojua ningekifanya. Niliandika kanuni. Ungenicheka. Tulipokuwa tunacheza kupika kwa makopo nyuma ya migomba ya mama, mimi ndiye niliyetunga sheria za nani akoroge na nani aonje, na wewe ndiye uliyezivunja zote. Uliniita Mheshimiwa. Mheshimiwa amekua, dada, na sasa anapiga chapa.

Zilikuwa sita, nikazibandika kwenye kabati la vyombo. Simu haitaguswa asubuhi kabla ya kuwasalimia watu wote wa nyumbani. Haitakaa mezani wakati wa kula. Namba ya kuifungulia nitaijua mimi. Hakuna kuongea na mtu nisiyemfahamu. Hakuna kumtumia mtu yeyote picha. Saa kumi na mbili jioni inaingia kwenye kikapu kilicho juu ya kabati, na haitoki mpaka asubuhi.

Bupe alizisoma kwa sauti, akatia sahihi chini kwa mwandiko ule ule wako unaolalia kushoto, kisha akauliza, "Na ya kwako, mama mdogo, inaingia kikapuni saa ngapi?"

Nikamwambia mimi ni mtu mzima.

Subi sasa ana miaka sita na meno mawili ya mbele yameng'oka. Alikuwa anaitazama simu yangu kando ya sahani yangu ya wali. "Kumbe utu uzima ni kula na simu," akasema. Tulicheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wahamie kwangu, na niliona aibu kidogo, kama tumecheka ukiwa bado umelala sebuleni.

Sasa nikuambie nilichokifanya. Nimelizunguka vya kutosha.

Wiki ya tatu, saa kumi na mbili na nusu hivi, niliinua mkono kikapuni nikakuta hakuna kitu. Nilitoka nje. Bupe alikuwa nyuma ya jiko, kwenye ule uwanja ninapoanika kokoa, amechutama kandokando ya mikeka, simu sikioni. Nikasikia, "Hii hacheki. Nyingine kesho." Akasikiliza kidogo. "Hapana, mama mdogo hajui. Picha moja kila jioni, si tulikubaliana?"

Nimeshakaa kwenye vikao vya walimu vinavyoanza na maneno kama hayo. Mtoto wa kike, mtu asiyejulikana, picha. Nilimpokonya simu. Ndani kulikuwa na namba moja isiyo na jina, kila siku, muda ule ule, dakika kumi, dakika kumi na tano. Nilimwuliza ni nani. Kimya. Picha gani? Kimya. Kesho yake shuleni niliipiga ile namba, haikupatikana. Nikaipiga tena mchana, haikupatikana, na hilo kwangu likawa ushahidi. Ningekuwa nimesikiliza vizuri ningejua kwamba hakuna msichana anayemsemesha kijana kwa Kinyakyusa cha heshima namna ile. Lakini sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nalinda.

Na jioni ile ile, pale pale uwanjani, kabla sijaingia ndani, nilimwambia, "Mama yako angeona aibu."

Akanitazama. Hakulia. Akasema, "Humjui mama."

Simu niliifungia kwenye sanduku la vyeti vyangu. Baba yake sikumwambia, niliogopa mkanda wake. Zikaanza siku ambazo sizitamani tena. Bupe hakuninunia. Laiti angeninunia. Alinisalimia kila asubuhi amepiga goti, akaosha vyombo, akamsuka Subi, akageuza kokoa juani, akajibu ndiyo na hapana. Alizishika kanuni zote sita kama askari. Nilikuwa nimepata mtoto mtiifu kabisa, na nyumba ilikuwa baridi.

Nikawa nakukumbuka na simu yako ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, jinsi ulivyokuwa ukimwambia mtu, hata mimi niliyepiga kutoka chuoni kwa salio la kuazima, "Nitakupigia, mtoto ananiambia kitu." Ukakata. Nilikuwa nakasirika. Kitu gani hicho anachokuambia mtoto wa miaka mitano? Leo ningetoa chochote kujua alichokuwa anakuambia.

Jumamosi ya siku ya kumi na mbili, mchana, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba, na aliyeshuka alikuwa baba mkwe wako. Yeye mwenyewe, kutoka Mwaya, yule anayesema bodaboda ni usafiri wa watu waliochoka kuishi. Alikuwa na mkungu wa ndizi na amevaa koti la kanisani. Bupe alitupa ufagio akakimbia, akachutama mbele yake kumsalimia. Mzee hakuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje, akageukia barabarani, akanipa mgongo.

Nilidhani nimeuelewa ule mwiko wenu. Miaka kumi na mitatu uliishi karibu na mlango wake, mnasikiana mkikohoa, na hamkuwahi kutazamana usoni wala kusemezana. Wengi siku hizi wameacha. Wewe hukuacha. Ukikutana naye njiani uliiacha njia, ukachutama majanini umejifunika khanga mpaka apite. Akiwa na neno kwako alimwita Bupe: mwambie mama yako hivi. Nawe ukamrudisha: mwambie babu vile. Mtoto yule alijifunza kutembea akibeba maneno kati ya nyumba mbili. Nilipotoka chuo na kiburi changu nilikuambia huo ni ukandamizaji, ukaendelea kupeta mchele. "Mheshimiwa," ukasema, "yule mzee ananiheshimu kuliko wengi wanaonitazama." Hata siku ya kukuzika, watu wote walipopita kukuaga, yeye alibaki kwenye migomba amegeuka upande wa ziwa.

Mimi si mkamwana wake, angeweza kunisemesha. Lakini watu husema nina uso wako, na nadhani aliogopa kukutazama kupitia kwangu. Nilisimama hatua tatu nyuma yake, Bupe akasimama kati yetu.

"Mwambie mama yako mdogo," mzee akasema, "nimekuja kuuliza kama mtoto anaumwa. Siku kumi na mbili simu yake haiiti."

Bupe akanigeukia. "Mama mdogo, babu anasema siku kumi na mbili simu yangu haiiti, na ana huzuni sana."

"La huzuni sikulisema," mzee akasema.

Nikauliza, nikisahau utaratibu, ile namba ni ya nani. Ilikuwa yake, dada. Kitochi chake kinashinda dukani kikichajiwa, anakipata jioni akitoka shamba. Ndiyo maana mchana haikupatikana. Na picha zilikuwa zako, zile ulizopigwa kwenye harusi na ubatizo ambazo baba yake Bupe alizihamishia kwenye simu mpya. Mzee hakutaka kuziona. Siku aliyokuja kuwaaga watoto kabla hawajahamia huku, Bupe alimwonyesha moja kwenye simu ya baba yake, mzee akajifunika macho kwa kofia. Lakini aliomba aelezwe. Picha moja kila jioni: amevaa nini, amesimama na nani, mikono ameiweka wapi. Na kila mara swali lile lile la mwisho, "Anacheka?" Nawe ulikuwa ukiona kamera unafumba mdomo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Bupe hakuniambia kwa sababu mzee aliona haya, na kwa sababu wewe ulimfundisha tangu mdogo kwamba neno la babu halimwagwi njiani. Alikubali kuitwa msichana wa aibu kuliko kulimwaga. Mimi nilisema angekutia aibu.

Nilitaka kusema samahani lakini sikuwahi. Mzee ndiye aliyeendelea, taratibu, akiitazama barabara.

"Mwambie mama yako mdogo kuna neno namwuliza, kwa kuwa mtoto hawezi kulijua. Mwaka ule mkamwana alipoletwa, msimu wa mvua, tulikutana kwenye tuta la jaruba la mpunga. Yeye akaruka upande wake kunipisha. Mimi nikaona nimpishe yeye, nikakanyaga vibaya, nikaanguka upande wangu, mwili mzima, kwenye tope. Hakuweza kuja kuniinua. Mimi sikuweza kumwambia asiogope. Tulikaa majini tumepeana migongo. Nikasikia sauti yake, kama mtu anayezuia kitu. Nikajua nimemtisha mtoto wa watu, analia. Miaka yote hiyo nimelibeba. Mwulize, alilia?"

Bupe alianza kunirudishia, akafika katikati akashindwa, kwa hiyo niliinua mkono, nimeshasikia.

Nililijua jibu, Tumpe. Katika dunia hii nimebaki peke yangu ninayelijua. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, umri wa Bupe leo, nilikuja kwako likizo, ukanisimulia mto ukiwa mdomoni ili mumeo asisikie. Ukanishika sikio. Usimwambie mtu, Mheshimiwa, watasema sina adabu. Nimekaa nalo miaka kumi na nne. Nisamehe, nimelitoa.

"Mwambie babu," nikasema, "hakulia. Alicheka. Alicheka mpaka akaiuma khanga ili asisikike, akaiuma mpaka ikatoboka."

Bupe hakuyabeba mara moja. Alinitazama kwanza, mdomo wazi. Kisha akageuka, akachutama mbele ya babu yake, akamwambia kwa Kinyakyusa, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

Halafu nikayaona mabega ya lile koti yakianza kutikisika, nikaogopa, nikadhani nimemwumiza. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua kofia, akajifuta machozi kwa kofia, akaanza tena. "Kumbe," alikuwa anasema, "kumbe." Subi akatoka ndani kuuliza nani kaanguka.

Alipoinuka kuondoka alinishukuru, "Ndaga," na hakumtumia Bupe. Hakugeuka. Lakini neno lilikuwa langu.

Baadaye jikoni Bupe akaniuliza, "Aliiuma kweli?" Nilikuwa nimeivaa. Nikamshikisha ule upindo. Akapitisha kidole chake kwenye tundu, akakiacha humo muda mrefu, na mimi nikasimama pale nimefungwa kwake kwa khanga yako, sithubutu kusogea ugali usije ukaungua, halafu ukaungua kweli. Nikamwambia nilikosea, mama yako asingeona aibu hata kidogo. Akasema, "Najua." Kisha akasema, "Hilo la jaruba ulikuwa unalijua siku zote?" Nikasema ndiyo. "Una mengine?"

Ninayo. Sikujua kwamba ndiyo niliyopaswa kuwapa. Nilidhani natakiwa kuwapa kanuni.

Kanuni bado zipo kwenye kabati, usinielewe vibaya, simu ni kitu cha kuchungwa na nitaichunga. Ila chini ya ile ya sita Bupe ameandika kwa kalamu, "Isipokuwa babu." Na Subi akaniamuru niandike ya saba: ya mama mdogo nayo ikae kikapuni. Nimetia sahihi. Jioni ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaifuata bila mimi.

Nilidhani mzee akishapata jibu ataacha kupiga. Hajaacha. Saa kumi na mbili na nusu Bupe anakaa kizingitini, sasa hajifichi, anamweleza picha yako. Akikwama ananiita, na mimi nasema kilichotokea kabla ya picha au baada yake, naye anabeba. Mzee ameacha kuuliza kama unacheka. Anauliza ulicheka nini.

Dada, nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa nikiahidi mengi nitayageuza kuwa orodha. Mwanao akiwa na siri, nitamwuliza kama mtu anayetaka kujua, sio kama mtu ambaye ameshajua. Na akiwa ananiambia kitu, nitakata simu, hata ingekuwa ya nani.

Kwaheri, Tumpe wangu. Kokoa imekauka, mvua inakuja kutoka ziwani, Bupe ananiita tukakunje mikeka. Pumzika huko Mwaya. Na ukicheka, usiume tena khanga. Cheka mzee asikie.

Mdogo wako,
Mheshimiwa