Zile Korosho Elfu Tatu Nilizihesabu

Lisekese,
Masasi.
Jumanne, 9 Novemba 2021

Mpendwa kaka Optatus,

Mdogo wetu Bernadeta kazima simu, kaitupa kitandani, kajifunika kanga gubigubi. Nimemwacha hivyo hivyo nikatafuta kalamu. Shikamoo kaka. Habari ya Morogoro? Shemeji Julia hajambo? Sisi tuna uzima ila amani hatuna, na aliyetuondolea ni wewe.

Mimi maneno mdomoni hayatoki, unanijua. Kwenye simu ungenikatiza. Kwenye karatasi huwezi.

Jana ulikuwa unawafundisha takwimu za biashara hao wanafunzi wapya wa uongozi, kila mtu kwao na simu yake. Bernadeta yumo, na unajua yumo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kichuguuni, hapo ndo mtandao unashika. Mara naona karatasi yangu kwenye kioo cha simu yake. Mwandiko wangu! Ile uliyoniagiza mwezi wa kumi: magunia thelathini, kila gunia korosho mia moja, niandike mbovu ngapi.

Ukawaambia, "Mbili, tatu, mbili, mbili, tatu. Shambani hakuna kitu kama hicho. Huyu ndugu yangu wa Masasi aliishia darasa la tano, kakaa kivulini akajaza." Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo kazipika pamoja na mihogo." Na wewe ukacheka kaka. Nilikusikia.

Darasa la tano niliishia kweli, na sababu unaijua kwa kuwa msiba wa baba ulikuja. Lakini kivulini sikukaa. Nilichuchumaa siku tatu mpaka kiuno kikagoma.

Sasa nikwambie ambacho hukuniuliza. Nilipomweleza mama kwamba mwalimu wa chuo anataka korosho zetu zihesabiwe, aling'aka, "Optatus aje aone uchafu wangu?" Akatandika mkeka, akachambua magunia yetu yote tisa, changa akatupa, zenye matundu akatupa. Akapita kwa majirani, Mama Faudhia na mzee Alfani, ambao magunia yao nayo ningehesabu, kuwaambia kuna mtu wa chuo. Nao wakachambua. Umezaliwa hapa. Umewahi kuona mtu anamwonyesha mgeni korosho hazijachambuliwa? Si aibu hiyo?

Mbovu chache zilizobaki ndo zile zilizowapita macho. Ndo maana zinafanana. Mimi nilihesabu nilichokikuta.

Kosa langu lipo, silikatai. Niliona wanachambua nikanyamaza, sikujua kama hesabu yako inaharibika. Ungeniuliza ningekujibu. Namba yangu unayo. Umeona rahisi kuniita mwongo mbele ya watoto wa watu.

Yangu ningemeza. Ila Bernadeta anatakiwa aripoti chuoni Jumatatu ijayo, na kasema haendi. "Nikifika nikataja Masasi wataniambia ndo nyie mnaopika namba." Begi alilolifunga wiki nzima kalifungua, nguo karudisha kambani. Mama kambembeleza mpaka kachoka, sasa na yeye kanuna. Ukoo mzima tuna msomi wewe tu, wa pili angekuwa yeye. Unataka ubaki peke yako?

Sitaki uniombe radhi mimi. Nataka useme darasani, mbele ya hao hao waliocheka, kwamba namba zile ni za kweli na wewe ndo hukuuliza zilipatikanaje. Nadhani na hilo ni somo.

Mama anakusalimu, japo kasema nisiandike. Mzee Alfani pia, yeye hajui kitu, nimeona haya kumwambia. Mbusu mwanao Alphonce, na shemeji mpe pole ya ujauzito. Mungu awafunike hapo nyumbani, hasira yangu isiwafike wao.

Naishia hapa, lazima niondoke. Saa kumi una kipindi tena, na Bernadeta kwa shida kakubali kunipa simu niende nayo kichuguuni mwenyewe. Kanionyesha pa kubonyeza ili sauti yangu isikike darasani kwako. Nitabonyeza kaka, niwaambie mwenyewe nilivyohesabu. Barua hii naipitishia kwa kondakta wa basi, ikikufikia utakuwa umeshanisikia.

Mdogo wako, ninayekupenda na kukukasirikia,
Pancras